Sauti ilikwama ikilia kanisani, mimi sikuisikia

Mwanangu mshauri,

Nakusalimu kutoka huku mlimani, Kilimanjaro. Nina miaka 69, ni mjane na mwalimu mstaafu. Kinanda cha kanisani nilikishika nikiwa na miaka 14, kile cha kukanyaga, miguu ikivuta upepo chini huku vidole vikihangaika juu. Alinifundisha mama mmoja mmishenari kutoka Ujerumani. Nikikosea aligonga ubao wa kinanda kwa rula, hakuwahi kugonga vidole vyangu.

Tangu siku hizo sijaacha. Nimefundisha muziki shule za msingi, baadaye chuo cha ualimu, mpaka nilipostaafu mwaka 2016. Jumapili zote hizo nilikuwa kinandani usharikani kwetu. Wako watu niliowapigia siku ya ndoa yao, nikapiga kwenye ubatizo wa watoto wao, halafu nikawapigia wakishushwa kaburini. Nyumbani nina piano niliyoinunua kwa familia iliyokuwa inahama, meno yake yamekuwa ya njano kama mahindi. Watoto saba wanakuja kujifunza, ninawapokea sebuleni baada ya shule.

Tatizo ni masikio. Lilianza kama miaka mitatu iliyopita. Niliona kimya asubuhi, nikadhani chiriku wamehama kwenye mibuni yetu, labda kwa sababu ya dawa wanazopiga. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, si hao wanalia?" Baada ya hapo yakaanza maneno. Nasikia mtu anaongea, sisikii anasema nini. Mchungaji akitaja namba ya wimbo, mimi nategemea karatasi niliyoandikiwa tangu Ijumaa. Wanafunzi nawasahihisha kwa macho, natazama vidole.

Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, kitu kilikwama chini ya jino moja la kinanda, mdudu au vumbi, sijui. Nilikuwa nimefungua sauti ya filimbi ndogo, ile inayolia juu kabisa. Nikainua mikono, watu wakaanza kusali Baba Yetu, na ile sauti ikaendelea kulia sala nzima. Mimi nimekaa, macho nimefumba, nimetulia kabisa. Ni binti anayenifungulia kurasa aliyenyoosha mkono akazima swichi. Baada ya ibada, kwenye mnada, mzee mmoja akanijia akiwa na mkungu wake begani, akanena nami kitu. Nikaitika, "Amina, Bwana asifiwe." Kumbe alikuwa ananiuliza ile sauti ilikuwa ya nini. Watu walicheka kwa upole. Nilicheka nao, nikaenda nyumbani nikalia.

Huyo binti ana miaka 13. Tangu siku ile tumepatana: akinigusa bega la kushoto najua watu wameanza, akinigusa la kulia najua wamemaliza ubeti. Hajamwambia mtu. Lakini mwezi wa tatu tulikuwa na msiba siku ya Jumatano, naye alikuwa shuleni. Nilipiga peke yangu. Waombolezaji walikuwa bado wako ubeti wa tatu, mimi nimeshaingia wa tano. Waliponitazama walidhani nimezidiwa na huzuni. Niliwaacha wadhani hivyo.

Sasa baraza la wazee limeamua kununua kinanda cha kisasa chenye midundo, na wanamtaja kijana mmoja akishike. Huyo kijana nilimfundisha akiwa na miaka kumi. Hakutaka kusoma nota, alitaka kupiga tu alichosikia redioni. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mpiga kinanda hatakuwa kamwe. Hakurudi tena. Leo anapiga kwenye harusi na mikutano ya injili, anaheshimika. Lakini nota hajui. Wimbo ukiwa juu sana anabonyeza kitufe kinachoshusha sauti, vidole vyake vinabaki palepale. Akishika yeye, sauti nne zitakufa usharikani, watu wote wataimba ya kwanza.

Krismasi hii natimiza miaka 55 kinandani. Nimwambie mchungaji ukweli sasa? Nivumilie mpaka Krismasi? Au nisingizie miguu niondoke kimya? Mwanangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam ananiita nikaishi naye.

Na tafadhali, usinipe habari za Beethoven na uziwi wake. Kila mtu hunipa hizo. Beethoven alikuwa mtunzi, mtunzi anaweza kuandika katika kimya. Mimi ninaongoza watu kuimba. Nisipowasikia, napiga kwa ajili ya nani?

Mpiga Kinanda, Kilimanjaro

JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Mimi niliimba sauti ya pili kwaya ya vijana, na mpiga kinanda wetu alikuwa mama wa aina yako, kwa hiyo niseme mapema kwamba sikusomi kama mtu baki. Pale uliposema umefumba macho kwenye Baba Yetu, nilifunika barua kwanza.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza lini uondoke kwenye benchi la kinanda na uondoke namna gani. Lakini ndani ya swali hilo naona umefunga mambo mengine yasiyo ya aina moja: masikio, kijana uliyemkemea, kufa kwa sauti nne, na binti. Naomba tuyafungue polepole, kwa sababu nahofia umekwisha kujihukumu kwa jambo moja ukalipia na mengine.

Tuanze na masikio. Barua yako nzima haisemi kama umepimwa. Umeeleza dalili kwa ufundi kuliko wagonjwa wengi, ila daktari hajatokea hata mstari mmoja. Watu wa umri wako hupoteza kwanza sauti za juu, kama hao chiriku, kisha herufi kama s, f, t na k, ndiyo maana unasikia mtu anaongea usijue anasema nini. Hilo ni la umri, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Lakini si kila kisa ni hicho. Nta ikijaa huziba sikio, na huondolewa siku hiyohiyo. Ziko dawa zinazodhuru masikio: kwinini tuliyoinywa sana kwa malaria, sindano za streptomaisini za kifua kikuu, jentamaisini. Kama uliwahi kupewa hizo, mwambie daktari. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina idara ya masikio, pua na koo, si mbali na kwako. Na kama siku moja sikio litaziba ghafla, usilale nalo ukisubiri wiki ijayo, maana tatizo la ghafla lina tiba inayofaa ikiwahiwa tu.

Nakwambia haya kwa sababu umeandika kana kwamba muziki wote umekwisha kukutoka. Hebu tulitazame hilo kimuziki. Nota ya La, ile ya kurekebishia vyombo, hutetema mara 440 kwa sekunde. Sauti ya kwanza kwenye nyimbo za kanisani, hata pale akina mama wanapopanda juu kabisa, haifiki 1,000. Kinachopotea mapema na umri kiko juu zaidi, elfu kadhaa huko, kwenye ile filimbi ndogo iliyokwama na kwenye ncha za maneno. Huenda basi tuni bado unazipata, ila unapoteza pale neno linapoanza na linapokatika, na mtu wa kuongoza waimbaji anaishi kwa hapo. Hili si dogo. Ila halilingani na kusema sisikii, na huwezi kulijua bila kupimwa sikio moja moja. Muulize pia daktari kama masikio yako mawili yanasikia nota ileile kwa urefu uleule. Wako wanamuziki ambao sikio moja huanza kuisikia juu au chini kidogo kuliko lenzake, na wasipoelezwa hudhani wanachanganyikiwa.

Kuhusu shime sikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni, nisikupambie. Kimetengenezwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo. Sauti ya kinanda ni kubwa mno kwake, na wengi wanaokivaa mara ya kwanza husema muziki unalia kama bati. Waombe wakuwekee mpangilio wa pekee wa muziki, kwani vingi vya siku hizi vinao, na jipe majuma kadhaa ubongo uzoee. Bei yake si ya mstaafu. Hapo mwanao wa Dar anaweza kusaidia kuliko kukuhamisha. Lakini kwanza ajue. Sijaona popote kwenye barua kwamba anajua kwa nini umechoka.

Umenikataza Beethoven na nakutii nusu. Umesema kweli, yeye alikuwa mtunzi, na uziwi haukumzuia kuandika. Ila alikuwa pia mpiga piano, tena wa sifa, na habari ya huyo mpiga piano watu hawaisimulii. Mwaka 1814 alikaa kwenye piano hadharani, na aliyemsikia akifanya mazoezi aliandika kwamba palipotakiwa nguvu aligonga hadi nyuzi zikalia ovyo, na palipotakiwa utaratibu aligusa kwa upole mno hata mafungu mazima ya nota yakapotea. Muda si mrefu baada ya hapo akaacha kupiga mbele ya watu. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli. Sina la kukupinga hapo.

Kingine ni cha miaka kumi na miwili kabla ya hapo. Mwaka 1802, akiwa kijiji cha Heiligenstadt, aliwaandikia ndugu zake barua ndefu akieleza alivyokuwa anawakimbia watu kwa sababu hakuweza kuwaambia waseme kwa sauti, yeye kiziwi. Hakuituma. Ilikutwa kwenye karatasi zake alipokufa mwaka 1827. Katika habari zake zote, hii ndiyo naiona ndani ya barua yako. Umechoka kwa kuficha, Mwalimu, pengine kuliko unavyochoka kwa kutosikia. Karatasi ya Ijumaa, macho kwenye vidole, kucheka na watu kwenye mnada. Hiyo ni kazi ya pili unayoifanya juu ya ile ya kwanza.

Tuje kwa binti. Kijana umempa aya nzima, binti umempa mistari michache na ukapita. Ana miaka 13, na kila Jumapili anabeba masikio yako pamoja na siri yako. Akichelewa kukugusa bega, usharika mzima unakosea, na anajua kuwa ni yeye. Siku ya ule msiba alikuwa darasani. Je, aliposikia habari alijisikiaje? Sisemi umemtumia vibaya. Najua alinyoosha mkono mwenyewe kwa upendo, na mtoto wa namna hiyo ni baraka. Nauliza tu kama amewahi kupewa nafasi ya kukataa, na kama mama yake anajua. Kati ya wote unaojiuliza uwaambie nini, mchungaji, wazee, mwanao, naona yeye ndiye anayesubiri kuambiwa, "Hili si mzigo wako tena." Namna ya kumwambia bila kumnyang'anya benchi lake, hiyo unaijua wewe, umefundisha watoto maisha yako yote.

Sasa njia zako. Ukimwambia mchungaji leo, utapoteza neno la mwisho. Inawezekana baraza likaharakisha kinanda kipya, na watu wakaanza kukupazia sauti kwa huruma, jambo linaloumiza kwa mtu aliyewafundisha. Lakini ukweli ukishawekwa mezani unaweza kuomba vitu usivyoweza kuviomba sasa: mwongoza kwaya asimame unapomwona, au kiwekwe kioo kidogo juu ya kinanda umwone hata akiwa nyuma yako, kama wafanyavyo wapiga vinanda wengi wanaowapa kwaya mgongo. Unaweza pia kuacha ile filimbi ndogo, na kuchagua ibada za kupiga na za kutopiga.

Ukivumilia mpaka Krismasi, utapata miaka yako 55 kamili. Sidharau hilo hata kidogo. Hatari yake ni msiba wa Jumatano nyingine. Misiba haina ratiba, na waliofiwa hawana wimbo wa pili wa kumzikia mtu wao. Jiulize kama ziko ibada unazoweza kuziacha tangu sasa huku ukibaki na nyingine.

Kusingizia miguu ni rahisi kwa wiki moja. Baada ya hapo watakuona sokoni, watakuona ukipanda mlima na kikapu, na katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake watatafuta sababu yao wenyewe. Nahofia watasema ulisusa kwa sababu ya kijana. Utaondoka na maneno usiyostahili, naye ataanza na kinyongo asichokitafuta.

Kuhusu Dar sina mengi. Kuna mwana na wajukuu, hilo ni zuri. Kuna pia piano itakayobaki mlimani na watoto saba wasio na mwalimu. Labda nenda mwezi mmoja kama mgeni, uone.

Umesema sauti nne zitakufa akishika kijana. Hapa naomba nikuulize kama mwanafunzi wa zamani wa kwaya: sauti nne zilikaa wapi? Sisi tulijifunza kwa do, re, mi zilizoandikwa ubaoni, kinanda kikiwa kimefungwa kwa kukosa umeme, sauti ya nne ikikaa nyuma na ya pili ikibanana dirishani. Huko kwenu matarumbeta nayo yanabeba sauti nne makaburini bila kinanda chochote. Kama hazifundishwi zitakufa, hata anayepiga awe anasoma nota kama wewe. Na zikifundishwa, je, mdundo wa kitufe unaweza kuziua? Kwa kweli sijui. Midundo huwa inawavuta watu wote kwenye sauti ya kwanza, na wasiwasi wako hapo nauheshimu. Ila nadhani umemkabidhi kijana kosa ambalo lingeweza kuzuiwa na mwalimu.

Wamishenari wa kwanza wa Kilutheri kuja mlimani kwenu mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig. Huo ndio mji ambao Johann Sebastian Bach alifanya kazi tangu 1723 hadi alipokufa 1750. Mpiga kinanda mkubwa kuliko wote, tunaambiwa. Lakini kazi aliyoajiriwa kuifanya Leipzig haikuwa kupiga kinanda. Kinanda cha kanisa la Mtakatifu Thomas kilikuwa na mpigaji wake mwingine. Bach alikuwa mwalimu wa nyimbo: kufundisha wavulana wa shule ya pale na kuhakikisha Jumapili ina muziki. Sikuletei hili kama dawa. Ninaona tu kwamba mila uliyorithi, ikipitia rula ya yule mama Mjerumani, iliwahi kujua cheo kingine zaidi ya kile cha benchi, na hakikuwa cha chini.

Kijana je? Yale maneno uliyomwambia umeyabeba wewe miaka yote hii. Labda yeye amesahau, labda hajasahau hata neno moja. Ukimwita anaweza asije. Anaweza kuja akakujibu vibaya, na utakuwa umejiweka wazi kwa mtu anayepewa kiti chako. Hiyo ni hatari ya kweli, usiende kwake siku ambayo huna nguvu. Lakini umeniambia anapiga anachosikia, na mtu wa hivyo huwasikia watu wanapopumua. Nota hana. Sijui kama mnaweza kukaa chumba kimoja. Ningependa tu ujue kama unamkataa kwa sababu ya nota, au kwa sababu kumwona kunakukumbusha siku ile.

Na wanafunzi wako saba, usiwaache kwa sasa. Ukitaka kuwasikia zaidi, weka kiganja kwenye ubao wa piano wanapopiga, upande wa besi. Ile mitetemo inafika mkononi, na mtoto anayegonga badala ya kugusa utamjua kwa kiganja.

Ukienda KCMC, nenda na mtu wa kukuandikia daktari anachosema, maana wengi husema haraka. Na kama watakupa shime sikio, usikimbilie kinandani nacho siku ya kwanza. Kivae asubuhi na mapema, utoke nje, ukae kwenye mibuni kabla pikipiki hazijaanza, usikilize kama chiriku wamerudi. Halafu niandikie.